Majani ya viungo: Lini ni chakula, lini yanaleta madhara?



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), aliyetuumbia vyakula vya kila aina na akatutaka tule vilivyo halali na vizuri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, leo katika safu yetu tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini linawafikisha baadhi ya watu hospitalini. Nalo ni ulaji wa majani ya viungo kwa wingi: giligilani, bakdunisi, nanaa, uwatu na mengineyo. Zamani majani haya yaliingia jikoni kwa kiasi cha kunukisha mchuzi au kuchanganya kwenye kachumbari. Siku hizi zipo nyumba ambazo yanasagwa kwa mafungu, na mtu anakunywa bilauri nzima kila asubuhi kabla ya kula kitu, kwa nia ya "kusafisha figo", "kutoa sumu mwilini", kushusha presha au kupunguza mwili.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Daktari, kwani kuna ubaya gani? Si majani tu?" Jibu fupi ni kwamba kwa mtu mwenye afya njema, anayeyala kama chakula, hakuna ubaya, hata akila mengi. Lakini wapo wagonjwa ambao bilauri hiyo inaweza kuwaletea balaa. Na wapo wengi zaidi ambao hatari yao haimo ndani ya jani, bali imo juu yake. Tuyatazame haya moja baada ya jingine.

MAMA ALIYEDONDOSHA KIKOMBE

Nianze na kisa kilichonifundisha mimi mwenyewe. Mama mmoja wa makamo, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kuwekewa vali ya bandia katika moyo, alikuwa akihudhuria kliniki yetu. Wenye vali za aina hiyo hutumia dawa iitwayo warfarini maisha yao yote, ili damu isigande juu ya vali. Siku moja alilalamika kuwa amenenepa na anakosa choo. Nikamwambia, "Mama, punguza wanga, kula mboga za majani kwa wingi." Nilisema hivyo kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu, na sikuongeza neno.

Wiki chache baadaye aliletwa na mwanawe. Asubuhi ile alikuwa ameshika kikombe cha chai, ghafla mkono wa kulia ukaishiwa nguvu na kikombe kikaanguka. Mdomo ukapinda kidogo na maneno yakawa mazito. Baada ya kama nusu saa hali ikarudi kuwa ya kawaida, Alhamdulillah. Hiyo ilikuwa dalili ya kiharusi cha muda. Tulipopima kiwango cha kuganda kwa damu, kile kipimo kiitwacho INR, tulikuta kimeshuka mno. Dawa alikuwa anameza kila siku bila kukosa. Basi kimetokea nini?

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mapema: "Mama, unakula na kunywa nini?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, si uliniambia majani? Nasaga mafungu mawili ya kotmiri kila asubuhi, sichuji, nakunywa yote." Jirani yake alikuwa amemtumia ujumbe wa simu unaosifu juisi hiyo, naye akaona ushauri wa jirani na wa tabibu umeafikiana.

Tulimpeleka hospitali kubwa, akarekebishiwa dawa, na yu hai mpaka leo. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa kutoa ushauri nusu. Makala hii ni ile nusu nyingine.

TUELEWANE MAJINA

Majina ya majani haya yanachanganya. Jani linaloitwa giligilani, au korianda, ndilo ambalo ndugu zetu wa Kenya huliita dhania. Wengine huliita kotmiri. Lakini jina hilo la kotmiri hutumika pia kwa jani jingine linalofanana nalo, lenye rangi iliyokoza zaidi na harufu tofauti, ambalo Waarabu huliita bakdunisi. Hivyo unaposoma au kusikia kuwa "kotmiri inatibu" jambo fulani, kwanza uliza ni jani lipi. Nguvu zake si sawa, kama tutakavyoona. Katika makala hii nitasema giligilani kwa lile la kwanza na bakdunisi kwa lile la pili.

KAMA CHAKULA, HAKUNA TATIZO

Zipo jamii ambazo hula majani haya kama sisi tunavyokula mchicha. Watu wa Sham, yaani Syria, Lebanon, Palestina na Jordan, wana saladi iitwayo tabule. Sehemu kubwa ya saladi hiyo ni bakdunisi iliyokatwakatwa, pamoja na nanaa, nyanya, ngano iliyopondwa, ndimu na mafuta ya zeituni. Wairani wana mchuzi unaopikwa kwa majani mengi ya viungo kwa pamoja. Wahindi hupika majani ya uwatu kama mboga. Watu hawa wamekula hivyo vizazi na vizazi bila kudhurika.

Tena majani haya yana faida. Yana vitamini A na C, yana nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na yanakipa chakula ladha hata mtu akapunguza chumvi, jambo ambalo ni jema kwa mwenye presha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usije ukayatupa majani yako baada ya kusoma makala hii. Hiyo siyo nia yangu.

Kinachobadilisha mambo ni vitu vitatu: wingi, kuendelea kila siku, na hali ya mlaji. Fungu zima ambalo lingeenea katika sufuria ya watu wanane sasa linaingia katika tumbo la mtu mmoja. Haliliwi mara moja kwa wiki, bali kila asubuhi. Na mnywaji mara nyingi siyo mtu mzima wa afya, bali ni mgonjwa, kwa sababu ni mgonjwa ndiye anayetafuta dawa. Hapo jani limetoka katika chakula na limeingia katika dawa. Na dawa ina kipimo, ina wanaofaa kuitumia, na ina wasiofaa.

NANI AJIHADHARI?

1. Anayetumia warfarini. Ini hutumia vitamini K kutengeneza viini vinavyogandisha damu, na warfarini hufanya kazi ya kuipinga vitamini hiyo. Mtu mzima anahitaji vitamini K kiasi cha maikrogramu 90 kwa siku akiwa mwanamke, na 120 akiwa mwanamume. Gramu 100 za giligilani mbichi zina kama maikrogramu 310. Gramu 100 za bakdunisi mbichi zina kama 1,640, yaani zaidi ya mara 13 ya mahitaji ya mwanamume kwa siku. Ukiimwaga vitamini hiyo yote mwilini kwa ghafla, dawa inazidiwa nguvu, na damu inaweza kuganda kwenye vali au kwenda kuziba mshipa wa ubongo.

Hii haina maana kuwa mwenye kutumia warfarini asile majani kabisa. Anachotakiwa ni kutobadilisha ghafla: ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na dawa ipimwe kulingana na chakula chake. Na kama ameshazoea kunywa juisi hiyo, asiiache ghafla bila kumwambia daktari, kwa sababu dawa inaweza kuzidi na akavuja damu. Tangu mwaka 2015 ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, upasuaji wa moyo umekuwa karibu nasi kuliko zamani, ambapo wengi walipelekwa India. Basi huenda mwenye vali ya bandia ni jirani yako au swahiba wako wa safu moja msikitini. Mfikishie habari hii.

2. Mwenye ugonjwa wa figo. Hapa ndipo penye kusikitisha, kwa sababu juisi hii husifiwa kuwa "inasafisha figo". Gramu 100 za giligilani zina kama miligramu 520 za madini ya potasiamu, wakati uzito huo huo wa ndizi mbivu una kama 360. Figo nzima huitoa ziada yake kwa mkojo. Figo iliyochoka haiwezi, hivyo potasiamu hujazana katika damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuyasimamisha. Wenye kutumia dawa za presha kama kaptopri, enalapri, lisinopri, na hasa spironolaktoni, nao wajihadhari, kwa sababu dawa hizo huzuia potasiamu isitoke.

Wengine huchanganya giligilani na mchicha au spinachi mbichi. Majani hayo yana oksalati nyingi, na aina ya mawe ya figo inayopatikana zaidi hutokana na kalsiamu na oksalati. Zimeshaandikwa katika majarida ya kitabibu kesi za watu ambao figo zao ziliharibika baada ya kunywa kwa siku nyingi juisi za majani mabichi yenye oksalati nyingi. Mchicha uchemshe na maji yake uyamwage, oksalati itapungua. Ama kusafisha figo, figo zenyewe ndizo zinazousafisha mwili. Zisaidie kwa maji ya kutosha, kwa kudhibiti presha na sukari, na kwa kuacha kumeza dawa za maumivu ovyo.

3. Mama mjamzito. Majani kidogo katika mchuzi hayana neno. Lakini bakdunisi, hasa mbegu na mafuta yake, ina kemikali iitwayo apioli. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Ulaya na kwingineko, wapo wanawake waliokunywa apioli ili kutoa mimba, na baadhi yao walikufa kwa kuharibika ini na figo. Kwa hiyo mjamzito asinywe juisi ya bakdunisi, wala asichemshe fungu zima akanywa maji yake, wala asitumie mafuta yake. Uwatu nao aule kwa kiasi cha chakula tu, mpaka atakapojifungua.

4. Mwenye kisukari. Uwatu, hasa mbegu zake, unaweza kushusha sukari. Ukijumlisha na sindano ya insulini au vidonge kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutokwa jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Katika mwezi wa Ramadhani hatari huzidi, kwa sababu mtu anakunywa uwatu wakati wa daku kisha anakaa mchana kutwa bila kula. Akiona dalili hizo asijikaze. Afungue mara moja kwa kitu chenye sukari. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria.

5. Mwenye kiungulia. Nanaa huilegeza ile valvu iliyo baina ya koo la chakula na tumbo, na tindikali ikapanda juu. Kama unakunywa chai ya nanaa kwa ajili ya tumbo na kifua kinazidi kuwaka, iache.

6. Mtoto mchanga. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anatakiwa maziwa ya mama tu. Asipewe maji ya majani yoyote, iwe ni kwa mchango au kwa tumbo kujaa gesi. Na mafuta ya nanaa yasipakwe puani wala usoni kwa mtoto mchanga, yanaweza kumbana pumzi.

UCHAFU USIOONEKANA

Ndugu msomaji, hayo niliyotaja yanawahusu wagonjwa. Hili la sasa linatuhusu sote.

Majani ya viungo huota karibu na ardhi, yana mikunjo mingi, na mara nyingi huliwa mabichi. Yanahitaji maji mengi, na mkulima wa mjini huchota maji yaliyo karibu naye. Dar es Salaam, kwa mfano, zipo bustani pembezoni mwa mto Msimbazi, na kila mtu anajua ni uchafu gani unaoingia katika mto ule. Kisha majani yakifika sokoni, muuzaji huyanyunyizia maji ya ndoo mara kwa mara yasinyauke. Maji ya ndoo ile yametoka wapi, na mikono mingapi imeingia humo? Kutokana na hayo hupatikana homa ya matumbo, kipindupindu, amiba, minyoo, na pia vimelea vya toksoplazma vinavyotokana na kinyesi cha paka, ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Tusidhani tatizo hili ni la nchi maskini peke yake. Mwaka 2015 Marekani ilizuia kwa miezi kadhaa ya mwaka giligilani kutoka jimbo la Puebla nchini Meksiko, kufuatia milipuko ya ugonjwa wa kuharisha. Wakaguzi walikuta kinyesi cha binadamu na karatasi za chooni katika baadhi ya mashamba.

Hapa niseme jambo kwa wenzangu tuliopita madrasa. Tulifundishwa kuwa najisi ikishaondoshwa kwa maji, ikawa haina rangi, harufu wala ladha, basi mahali hapo pametwaharika. Hiyo ni hukumu ya twahara, nayo ni sahihi kwa jambo lake. Lakini vijidudu vya kipindupindu havina rangi, havina harufu, wala havina ladha. Jani linaweza kuwa twahara kwa hukumu ya fiqhi na bado likamlaza mtu hospitalini. Basi tusitosheke na kusuuza mara moja tukasema limeshatwaharika. Twahara tuitimize, na usalama wa afya tuutafute juu yake.

NAMNA YA KUOSHA

Kwanza, osha mikono kwa sabuni, hasa utokapo chooni au ukimaliza kumsafisha mtoto.

Pili, lifungue fungu. Usilioshe likiwa limefungwa kwa kamba. Toa majani yaliyooza na ukate mizizi yenye udongo.

Tatu, yatie katika beseni kubwa la maji safi, yatikise, kisha yanyanyue kwa mkono ili mchanga ubaki chini. Mwaga maji hayo, weka mengine. Rudia mara mbili au tatu, mpaka maji yabaki safi.

Nne, malizia kwa maji yanayotiririka, ya bomba au ya kumiminwa kwa kata. Usitumie sabuni, kwani majani huinyonya.

Tano, kama yataliwa mabichi, yaloweke katika maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye kifungashio, kisha uyasuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi, siki na ndimu hupunguza vijidudu kidogo, lakini haviviui vyote.

Sita, usiyakatie kwenye ubao uliokatia nyama au kuku mbichi kabla ya kuuosha.

Saba, pakiwa na kipindupindu mtaani, acha kabisa kula majani mabichi. Yatie mchuzini ungali unachemka. Moto ndio msafishaji wa uhakika kuliko wote. Na juisi ya majani mabichi ndiyo yenye hatari zaidi hapa, kwa sababu haipiti motoni.

UJUMBE UNAOSAMBAZA NI DHAMANA

Kabla sijamaliza, nataka tujiulize kuhusu zile jumbe za simu. Jirani wa yule mama hakuwa na nia mbaya. Alitaka kheri. Lakini katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), kama yalivyopokewa katika Sunan ya Abu Daud na kwingineko, imo maana kwamba anayejitia katika utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Kumwambia mgonjwa wa moyo au wa figo "kunywa hiki kila siku" ni kumtibu. Kubonyeza kitufe ukausambaza ujumbe huo kwa watu 200 ni kuwatibu watu 200 bila ya kumjua hata mmoja ana ugonjwa gani. Sisi watu wa afya nasi tunayo dhamana yetu: tukimwambia mtu ale kitu, tumwambie na kiasi chake, na tumuulize anatumia dawa gani.

Nawe ukienda hospitali, usimfiche daktari majani unayokunywa kwa kuogopa atakukaripia. Mtajie kama unavyotaja vidonge: jina la jani, kiasi, na tangu lini. Na usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya juisi.

Kwa muhtasari: kiganja kimoja au viwili vya majani yaliyooshwa vizuri, ndani ya chakula cha familia, ni neema na ladha. Mwenye afya akila sahani ya saladi yake, ale na ashukuru. Lakini fungu zima katika bilauri, kila siku, kwa mgonjwa asiyeuliza, hilo ni jambo jingine. Dini yetu imeturuhusu kula na kunywa, ikatukataza kufanya israfu. Wengi tunadhani israfu ipo katika nyama na sukari tu, kumbe inaweza kuwapo hata katika jani.

Kama nyumbani kwako yupo anayetumia warfarini, anayeumwa figo, mwenye kisukari au mjamzito, kaa naye leo umuulize anakunywa nini asubuhi. Swali hilo mimi nilichelewa kuliuliza. Wewe usichelewe.

Namuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na atujaalie afya ya kumuabudu. Tukutane tena katika toleo lijalo, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.